Nakala ya Wazi na Nakala Fiche: Nani Ajue Nini Katika Barua Pepe ya Watu Wengi

Barua pepe inayokwenda kwa mtu mmoja huwa na swali moja la msingi, nalo ni iwapo maneno yaliyomo yanamfaa mtu huyo. Barua hiyohiyo ikipelekwa kwa watu kadhaa, huzuka swali la pili lisilohusu maneno ya barua hata kidogo, yaani kila mpokeaji ajue nini kuhusu wapokeaji wenzake. Programu za barua pepe hulijibu swali hilo kwa kumpa mwandishi nafasi tatu za kuandikia anwani: nafasi ya mlengwa, ambayo kwa kawaida huitwa "Kwa", nafasi ya nakala ya wazi, inayojulikana kwa herufi Cc, na nafasi ya nakala fiche, inayojulikana kwa herufi Bcc. Aliyeandikwa katika nafasi mbili za kwanza huonekana na wote, ilhali aliyeandikwa katika nafasi ya tatu huipata barua bila wengine kujua kwamba ameipata.

Nafasi hizo hufundishwa mara nyingi kama jambo la ufundi wa kompyuta, au kama adabu ndogo ya ofisini ambayo karani huiokota kazini kwa kuwatazama waliomtangulia. Uchambuzi huu unalitazama jambo hilo kwa uzito zaidi, kwa sababu anayechagua nafasi ya kuandika anwani huamua, kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza, ni siri gani yao itunzwe na ni ipi itolewe. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nakala fiche ina uhalali pale tu inapowalinda wapokeaji, na kwamba pale siri inapokuwa nzito, taasisi haina haki ya kuikabidhi kwa uangalifu wa mtu mmoja aliyeketi mbele ya kompyuta.

Kutoka kaboni na masijala

Desturi hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwingereza Ralph Wedgwood alipata hataza ya karatasi ya kaboni mwaka 1806, ingawa matumizi yake yalienea maofisini baada ya taipureta kuingia sokoni katika miaka ya 1870. Mpigachapa alipanga karatasi safi juu, kaboni katikati na karatasi nyepesi chini, akaviingiza vyote pamoja kwenye mashine, na kila herufi aliyoipiga ikapita hadi kwenye nakala. Majina ya waliopelekewa nakala yaliandikwa chini ya barua, ambapo kila msomaji aliyaona. Ilipohitajika mtu apewe nakala bila mwandikiwa kufahamu, mpigachapa aliichomoa kwanza barua yenyewe, kisha akaliandika jina la mtu huyo kwenye nakala zilizobaki, hata barua ikatoka ofisini bila alama yoyote ya kwamba kuna mwingine aliyeisoma.

Utumishi wa umma nchini Tanzania umeihifadhi sehemu ya wazi ya desturi hiyo hadi leo. Barua rasmi yenye kumbukumbu namba hubeba, chini ya saini, neno "Nakala" likifuatwa na vyeo vya wale wanaoarifiwa, pengine pamoja na agizo fupi kwamba mhusika "aione kwenye jalada". Orodha hiyo ni sehemu ya barua, kwa kuwa mwandikiwa anapoisoma huelewa ni mamlaka zipi zimekwisha kujua jambo lake na atazikuta wapi akitaka kulifuatilia. Mambo ya siri, kwa upande wake, hupita njia nyingine kabisa, yaani masijala ya siri yenye majalada yake na watumishi wake walioidhinishwa. Mfumo wa karatasi, kwa hiyo, uliyatenga ya wazi na ya siri kwa chumba, kwa jalada na kwa mtu, na aliyetaka kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine alilazimika kunyanyuka kitini. Barua pepe imeziweka njia hizo mbili kwenye mistari miwili inayofuatana ya dirisha moja, na sehemu kubwa ya matatizo yanayojadiliwa hapa chini inatokana na ukaribu huo.

Bahasha na kichwa cha barua

Mwaka 1971 mhandisi Ray Tomlinson, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya BBN mjini Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine na kuichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta yake. Kufikia Novemba 1977, waraka wa viwango ujulikanao kama RFC 733 ulikuwa umekwisha kuitaja nakala ya wazi na nakala fiche miongoni mwa mistari ya barua, na Agosti 1982 nyaraka mbili, RFC 821 na RFC 822, ziliweka misingi ya usafirishaji na ya muundo wa barua ambayo bado inafuatwa kwa marekebisho. Waliozipanga kanuni hizo walikuwa na mtandao mdogo wa watafiti, na ni wazi kwamba walichukua majina na mazoea ya ofisi ya taipureta na kuyahamishia kwenye chombo kipya.

Ili kuelewa ni kitu gani hasa kinachofichwa, inafaa kutofautisha bahasha na kichwa cha barua, maneno ambayo katika fani hii yana maana mahsusi. Kichwa cha barua ni ile mistari ya juu anayoiona msomaji, yaani mtumaji, mlengwa, wenye nakala na mada. Bahasha ni orodha ya anwani ambayo programu ya mtumaji huikabidhi seva, yaani kompyuta ya kupokea na kusafirisha barua, kabla ya barua yenyewe kutolewa. Tuseme mwandishi amemweka Asha kama mlengwa, Baraka kwenye nakala ya wazi na Chausiku kwenye nakala fiche. Programu huitajia seva anwani ya mtumaji, kisha anwani za wapokeaji watatu moja baada ya nyingine pasipo kubainisha nani yumo katika nafasi gani, halafu huikabidhi barua ambayo kichwa chake kina majina ya Asha na Baraka peke yake. Seva hupeleka kwa kufuata bahasha, wala haihitaji kukisoma kichwa ili ijue pa kwenda. Hivyo Chausiku anaipata barua ambayo jina lake halimo popote, na usiri wake haukuletwa na kufuli lolote, bali na mstari mmoja ulioondolewa kabla ya safari kuanza.

Kutokana na utaratibu huo yapo mambo matatu ambayo watumiaji wengi hawayazingatii. Kwanza, nakala fiche hufichwa kwa wapokeaji tu. Barua iliyobaki kwenye kabrasha la mtumaji la zilizotumwa huendelea kuonyesha majina yote, na kumbukumbu za seva huhifadhi anwani zilizokuwa kwenye bahasha, kwa hiyo mkaguzi wa ndani au mahakama inaweza kuyapata. Pili, kiwango cha RFC 5322 cha mwaka 2008 kinakubali zaidi ya njia moja ya kuutendea mstari huo: programu inaweza kuufuta katika nakala zote, au kuubakiza katika nakala za wale waliofichwa, na hivyo iwapo waliofichwa wataonana wao kwa wao ni jambo linalotegemea programu iliyotumika. Tatu, hakuna kinachomzuia Chausiku kubonyeza "Jibu wote", na akifanya hivyo, Asha na Baraka watapata jibu kutoka kwa mtu ambaye hawakujua kuwa yumo, na mtumaji atakuwa ameumbuka kwa mkono wa mtu aliyemwamini.

Nakala ya wazi: shahidi na shinikizo

Faida ya nakala ya wazi ni kwamba humfanya mtu wa tatu kuwa shahidi, na ushahidi huo unajulikana kwa pande zote. Mhasibu anapomwandikia meneja wa mradi kuhusu fedha zilizochelewa, akamwekea nakala mkaguzi wa ndani, wote watatu wanajua kwamba jambo lipo na limesemwa lini. Uwazi wa aina hii huzuia mtu kudai baadaye kwamba hakuarifiwa, na huisaidia kazi kuendelea pale mmoja anapokwenda likizo au anapohamishwa kituo. Kwa sababu hiyo, nafasi ya mlengwa ibaki kwa yule anayetakiwa kutenda, na nafasi ya nakala iwe ya yule anayestahili kujua. Pale walengwa wanapoandikwa sita bila kuelezwa nani afanye nini, kila mmoja hudhani mwenzake atajibu, na methali ya manahodha wengi kukipeleka chombo mrama hutimia bila kelele.

Uwazi huohuo, hata hivyo, una uzito unaoweza kumwangukia asiyestahili. Kumwekea mkuu wa idara nakala ya barua ya kwanza kabisa, kabla mhusika hajapewa nafasi ya kueleza kilichotokea, ni kumshtaki bila kumwita, na katika ofisi za Afrika Mashariki, ambako heshima ya mtu mbele ya mkubwa wake hulindwa sana, barua ya namna hiyo husomwa kama tangazo la ugomvi hata kama maneno yake ni ya upole. Kuna wakati hatua hiyo ni haki, kama vile mhusika anapokuwa ameandikiwa peke yake na kukumbushwa bila kujibu, au jambo linapogusa usalama wa watu na fedha za umma. Kinachotofautisha uwajibikaji na shinikizo ni mpangilio wa hatua: anayeanza kwa mhusika, kisha akapanda ngazi kwa uwazi, anamtendea mwenzake haki, na barua zake zitamtetea zikisomwa na mtu mwingine baadaye.

Hatari nyingine inatokana na wingi. Tarehe 14 Oktoba 1997, katika kampuni ya Microsoft, ujumbe uliotumwa kwenye orodha yenye anwani zipatazo 13,000 ulijibiwa na wapokeaji waliotaka kuondolewa, kila mmoja akiwajibu wote, mpaka barua zipatazo milioni 15 zikaulemea mfumo. Tukio kama hilo lilizikumba huduma za afya za umma nchini Uingereza tarehe 14 Novemba 2016, pale ujumbe wa majaribio ulipowafikia mamia ya maelfu ya watumishi na kuzalisha mamilioni ya barua ndani ya saa chache. Mwaka 2020 Microsoft iliweka katika huduma yake ya barua pepe kinga ambayo wakati huo ilizuia majibu ya wote pale yalipofikia 10 ndani ya dakika 60 kwa orodha yenye watu zaidi ya 5,000. Inafaa kuona kwamba dawa ilitoka kwenye mfumo, baada ya miaka mingi ya kuwaonya watu bila mafanikio.

Nakala fiche: analindwa nani?

Uhalali wa nakala fiche unaonekana vizuri pale wapokeaji wanapokuwa hawafahamiani na hawajakubali kufahamiana. Mkuu wa shule anayewaandikia wazazi 60 ambao hawajamaliza kulipa ada, akiziweka anwani zao mahali pa wazi, atakuwa amemtangazia kila mzazi majina ya wenzake wenye madeni, ingawa barua yenyewe haikutaja jina la mtu yeyote. Ofisa manunuzi anayeomba bei kutoka kwa wauzaji watano, akiwaonyesha wao kwa wao, atakuwa amewapa washindani orodha ya wale wanaohitaji kukaa nao ili wapange bei, na ushindani ambao sheria za manunuzi zinaudai utakuwa umekufa kabla zabuni haijafunguliwa. Katika mifano yote miwili hakuna neno la barua lililokosewa. Kilichotoa siri ni orodha, kwa sababu kuwemo ndani yake kunamweleza mtu kuwa mdaiwa, mzabuni, mgonjwa au mlalamikaji.

Yapo pia matumizi madogo yenye manufaa ambayo hayafichi kitu. Mtu akiwakutanisha wawili kwa barua pepe, aliyetambulishwa anaweza kujibu kwa shukrani, akaeleza waziwazi kwamba amemhamishia mtambulishaji kwenye nakala fiche ili asisumbuliwe na mazungumzo yatakayofuata. Ficho la aina hii limetangazwa, kwa hiyo halimdanganyi mtu.

Hali hubadilika kabisa pale nakala fiche inapotumiwa kumwingiza msikilizaji ambaye mwandikiwa hakupaswa kumjua. Anayeandika kwa sauti ya faragha kwa mwenzake, huku amemweka bosi kwenye nafasi ya tatu, anamfanya mwenzake azungumze mbele ya mtu asiyemwona, na jibu atakalotoa litakuwa limepatikana kwa hila. Watetezi wa desturi hii husema kwamba mtumishi anayeonewa huhitaji ushahidi, nao wana hoja ya kusikilizwa, kwa kuwa aliye chini hana njia nyingi za kujilinda. Hata hivyo nakala fiche ni kinga dhaifu kwa mtu huyo, maana jibu moja la wote linaweza kumfichua. Njia iliyo salama zaidi ni kuitunza barua iliyokwisha kutumwa na kuisambaza baadaye, kama tendo la pekee, kwa mshauri wa sheria, chama cha wafanyakazi au mamlaka yenye haki ya kupokea malalamiko, bila kukiuka wajibu wa kutunza siri za mwajiri. Anayesambaza kwa njia hiyo anajua anampa nani na kwa sababu gani, na anayepokea hawezi kujibu kwa bahati mbaya kwa watu asiowakusudia.

Mstari mmoja, madhara mengi

Uzito wa hoja hii umeonekana zaidi nchini Uingereza, ambako makosa ya aina hii huchunguzwa na Ofisi ya Kamishna wa Habari na matokeo yake hutangazwa. Mwezi Septemba 2015, kliniki ya 56 Dean Street ya London ilituma jarida kwa anwani 781 za watu waliojiandikisha kwenye huduma yake, wengi wao wakiwa wanaishi na VVU, na anwani hizo ziliwekwa mahali pa wazi badala ya kufichwa. 730 kati ya hizo zilikuwa na majina kamili ya wenyewe. Hospitali iliyoiendesha kliniki hiyo ilitozwa faini ya pauni 180,000 mwaka 2016. Uchunguzi ulionyesha kwamba kosa la aina hiyo lilikuwa limekwisha kutokea mwaka 2010, kwa watu 17, na kwamba hatua zilizochukuliwa wakati huo hazikutosha kulizuia lisirudi.

Mwezi Septemba 2021, wiki chache baada ya Taliban kuiteka Kabul, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliwaandikia Waafghanistan 245 waliostahili kuhamishwa kwa sababu walikuwa wamefanya kazi na serikali ya Uingereza. Anwani zote ziliandikwa kwenye nafasi ya mlengwa, na 55 kati yake zilikuwa na picha ndogo za sura za wenyewe. Watu wawili waliwajibu wote, na mmoja wao alitaja mahali alipo. Kwa watu ambao maisha yao yalitegemea kutojulikana, mstari mmoja wa anwani pamoja na jibu hilo vilikuwa vimekusanya jina, sura na makazi. Faini ya pauni 350,000 iliyotolewa Desemba 2023 ilikuwa adhabu kwa wizara, lakini haikuweza kuirudisha siri iliyokwisha kutoka. Agosti 2023 Ofisi ya Kamishna wa Habari ilieleza kwamba ilikuwa imepokea taarifa za matukio karibu 1,000 ya kushindwa kutumia nakala fiche ipasavyo tangu mwaka 2019, ikazitaka taasisi zenye taarifa nyeti zitafute njia nyingine badala ya kuitegemea.

Mambo mawili yanajitokeza katika matukio hayo. La kwanza ni kwamba walioumia walikuwa wale wenye sababu kubwa zaidi ya kuhofia, kwa kuwa huduma zinazowahudumia watu wa namna hiyo ndizo zinazotunza orodha zao. La pili ni kwamba hakuna aliyekusudia ubaya. Watumishi walifanya kwa haraka kazi ya kawaida kwa chombo cha kawaida, na chombo hicho hakikuwauliza chochote kabla ya kutekeleza.

Sheria na wajibu wa taasisi

Nchi za Afrika Mashariki zimekwisha kuweka misingi ya kisheria inayolihusu jambo hili. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, inayomtaka mwenye kumiliki data amwarifu kamishna ndani ya saa 72 pale uvujaji unapoleta hatari ya madhara kwa wahusika. Uganda ilitunga sheria yake mwaka huohuo wa 2019, na Rwanda mwaka 2021. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anwani ya barua pepe yenye kumtambulisha mtu ni taarifa binafsi, na inapofungamana na afya yake huingia katika kundi la taarifa nyeti, linalodai ulinzi mkubwa zaidi. Kwa hiyo kuacha wazi orodha ya wagonjwa hakuwezi tena kuchukuliwa kama ukosefu wa adabu tu. Mantiki hiyohiyo inazigusa njia za mawasiliano zilizoenea zaidi katika kanda hii: kundi la WhatsApp huonyesha namba ya kila mmoja kwa wenzake, ilhali orodha ya matangazo ya programu hiyo humfikia kila mtu peke yake, na anayechagua mojawapo amefanya uamuzi uleule wa nakala ya wazi na nakala fiche.

Kinachofuata kutokana na uchambuzi huu ni kwamba wajibu ugawanywe kulingana na uzito wa siri. Kwa mawasiliano ya kila siku inatosha mwandishi ajiulize mambo matatu kabla ya kutuma: nani anatakiwa kutenda, nani anastahili kujua na wengine wakifahamu kwamba anajua, na je, kuonekana kwa jina la mtu yeyote kutamletea madhara. Pale jibu la swali la mwisho linapokuwa ndiyo, lakini madhara ni madogo, nakala fiche inafaa, mwandishi akiweka anwani yake mwenyewe kwenye nafasi ya mlengwa na kuihakiki orodha kabla ya kuandika maneno ya barua. Pale madhara yanapoweza kuwa aibu isiyofutika, kufukuzwa kazi, kupigwa au kuuawa, nafasi zote tatu hazifai. Orodha za wagonjwa, za waathirika wa ukatili, za mashahidi na za watoa taarifa za ufisadi zitumiwe kwa programu inayomwandikia kila mtu barua yake, mtu wa pili aidhinishe kabla ya kutuma, na mfumo wa ofisi uikatae barua yoyote yenye anwani nyingi za nje mahali pa wazi.

Hatua hizo zina gharama ya fedha na muda, na ofisi ndogo ya wilaya au asasi ya kiraia yenye kompyuta mbili itazihisi kuwa mzigo. Lakini hata ofisi hiyo inaweza kuwaandikia watu wake 20 mmoja mmoja, kazi ya nusu saa, badala ya kuwaandikia wote kwa pamoja na kutumaini kwamba mkono wa karani hautateleza. Aliyeitoa anwani yake kliniki au kwa mwanasheria aliitoa kwa kusudi moja na kwa mtu mmoja, naye hana namna ya kusimamia jinsi itakavyotumika. Kwa sababu hiyo jukumu la kuitunza ni la aliyeipokea, nalo huanza siku anapoiandikisha, muda mrefu kabla ya barua ya kwanza kutumwa.